Taa Ilikuwa Wapi Usiku Ule?

Taa ilikuwa ya aina gani? Kubwa kiasi gani? Ilikuwa upande gani wa mtu unayesema ulimwona? Mwaka 1986 majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika kesi ambayo mawakili wa Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la Maitanyi, walisema kwamba hakimu asiyeuliza maswali hayo hawezi kudai ameupima ushahidi kwa uangalifu. Hawakumwita shahidi mwongo. Kilichowasumbua ni kwamba mambo ya msingi hayakujulikana kwa kuwa hakuna aliyeyauliza, na wao waliokuwa wakisoma faili tu hawakuwa na namna ya kuyajua.

Maswali hayo nayaleta Hewa Bora. Mkaaji wa mtaa huu, kama wa mitaa mingine mingi ya Lubumbashi, hahitaji kuelezwa mambo ya usiku. Shirika la umeme, SNEL, limekata umeme, mlango unavunjwa saa nane, watu wanne au watano wanaingia. Mwanga uliopo ni wa tochi, nayo wameishika wao wenyewe, wanawamulika wenye nyumba machoni. Wanaamrisha watu walale kifudifudi wasiangalie. Majirani wanaamka na filimbi na masufuria, lakini wageni wameshaondoka na simu, televisheni na pesa za biashara. Siku nyingine wanaondoka na uhai wa mtu.

Tuseme mwenye nyumba ni mama anayeuza unga sokoni. Siku tano baadaye anaitwa polisi. Anakuta kijana ameketishwa chini, mikono nyuma, shati limechanika. Anaulizwa: mama, ni huyu? Anamtazama, moyo unamwenda mbio, anasema ni huyu, sura hii siwezi kuisahau. OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, anaandika kwenye PV, taarifa yake rasmi, kwamba mlalamikaji amemtambua mshukiwa bila kusita. Faili linakwenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, kutoka parke linakwenda mahakamani, na miezi kadhaa baadaye mama yuleyule anasimama mbele ya majaji na kunyoosha kidole. Sasa ana hakika kuliko hata siku ile ya polisi.

Mama huyu simtuhumu kwa lolote. Ana uchungu, na anachosema anakiamini. Ugumu wote wa ushahidi wa aina hii umekaa hapo. Mwongo akibanwa na avoka, yaani wakili, hujikanyaga, hubadilisha saa, husahau alichosema jana. Mtu mkweli aliyekosea hajikanyagi, kwa maana hana anachokificha. Atajibu kila swali kwa utulivu, atalia penye kulia, na kila aliyeko ukumbini atamwamini. Hakimu naye ni binadamu, yumo ukumbini humo.

Hukumu inayoweza kutoka baada ya kidole hicho ni nzito. Wizi wa kutumia silaha, kwa kifungu cha 81 bis cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, adhabu yake ni kifo. Silaha ikiwa ya kivita, raia wa kawaida anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi. Kwa zaidi ya miaka 20 tulijizoeza kuona adhabu ya kifo kama maandishi tu, kwa sababu tangu 2003 serikali ilikuwa imesimamisha utekelezaji. Tarehe 13 Machi 2024 waraka wa Wizara ya Sheria uliondoa zuio hilo, na kati ya makosa uliyoyataja ni ujambazi wa mijini uliosababisha vifo. Mapema mwaka 2025 wahukumiwa wa ujambazi wa aina hiyo walihamishiwa gereza la Angenga, kaskazini mwa nchi. Kwa hiyo tunapouliza taa ilikuwa wapi, tunauliza juu ya uhai wa mtu.

Sheria yetu tuliirithi kwa Wabelgiji, nao waliichukua kwa Wafaransa. Ndani yake hakimu wa jinai huamua kwa imani yake ya ndani: hakuna sheria inayomwambia mashahidi wangapi wanatosha, wala ushahidi upi una uzito gani. Anasikiliza, anapima, anajiuliza kama ameamini. Hilo peke yake si baya. Hata Tanzania, yenye urithi wa Kiingereza, haina idadi ya mashahidi inayolazimishwa na sheria, na shahidi mmoja anaweza kutosha. Tofauti ni jambo linalofuata baada ya kuamini. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 21, inasema kila hukumu itaandikwa na itatoa sababu, kisha kifungu hichohicho kinamhakikishia kila mtu haki ya kukata rufaa. Kuna waliosoma mambo hayo mawili kama yamekaa pamoja kwa bahati. Mimi nayasoma kama jambo moja, kwa sababu mahakama ya rufaa inakagua kilichoandikwa, na pasipoandikwa sababu rufaa inakuwa ni kuomba huruma.

Wafaransa wenyewe walilijua hilo kwa njia chungu. Aprili 1796 gari la posta lililokuwa likienda Lyon lilivamiwa usiku, wasafirishaji wakauawa, fedha za jeshi zikaibwa. Siku chache baadaye bwana mmoja mwenye mali yake, Joseph Lesurques, alimsindikiza rafiki yake kwenye ofisi ya hakimu kufuata karatasi. Wahudumu wawili wa kike kutoka nyumba ya wageni ambayo majambazi walipitia walikuwa wamekaa pale wakisubiri kuhojiwa. Walimwona, wakanong'onezana, wakasema ni mmoja wao. Mashahidi wengine wakafuata. Mmoja wa waliohukumiwa naye, aliyekuwa amekiri, alipiga kelele njia nzima ya kwenda kuuawa kwamba Lesurques hana hatia. Lesurques alikatwa kichwa tarehe 30 Oktoba 1796. Baadaye akakamatwa mtu aliyeitwa Dubosc, ambaye ilisemwa alifanana na Lesurques akivaa nywele bandia, naye akahukumiwa kwa kosa lilelile. Wanahistoria bado wanabishana. Lakini baraza la wazee wa mahakama lililomhukumu Lesurques liliapishwa kuamua kwa imani ya ndani bila kudaiwa sababu, na familia yake iliposumbuka vizazi viwili kutaka jina lisafishwe, hapakuwa na maelezo ya hukumu ya kukosoa. Kulikuwa na jibu moja tu: ndiyo, ana hatia.

Uingereza ilichelewa miaka 100, ikaangukia shimo lilelile. Adolf Beck, mtu wa asili ya Norway aliyeishi London, alifungwa miaka 7 mwaka 1896 baada ya wanawake kadhaa, mmoja baada ya mwingine, kumtaja kuwa ndiye aliyewalaghai na kuchukua vito vyao. Upande wa mashtaka uliamini kwamba yeye ndiye John Smith aliyefungwa mwaka 1877 kwa ulaghai wa namna hiyohiyo. Faili la gereza la Smith lilikuwa limeandika kwamba ametahiriwa. Beck hakutahiriwa. Wakubwa waligundua jambo hilo mwaka 1898, na walichofanya ni kuondoa alama kwenye namba yake iliyoonyesha amefungwa mara ya pili, wakamwacha ndani. Alipotoka, akashitakiwa tena mwaka 1904, wanawake wengine wakamnyooshea kidole, akatiwa hatiani tena. Bahati yake, mlaghai mwenyewe alinaswa mwaka uleule. Aibu hiyo ilikuwa moja ya sababu kubwa za Bunge la Uingereza kuunda Mahakama ya Rufaa ya Jinai mwaka 1907. Kabla ya hapo, mtu aliyetiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake juu ya ushahidi isipokuwa kwa waziri.

Urithi huo ndio uliokuja Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ila majaji wa huku waliufanyia kazi kwa bidii zaidi ya walioutengeneza, pengine kwa sababu kesi za usiku na kibatari huku zilikuwa nyingi. Mwaka 1936, katika kesi ya Mwango Manaa, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki iliweka kanuni za gwaride la utambulisho. Mshukiwa asimamishwe kati ya watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na umbo. Achague mwenyewe mahali pa kusimama, na aruhusiwe kubadilisha baada ya kila shahidi. Shahidi asimwone kabla. Wakili au rafiki wa mshukiwa awepo akitaka.

Linganisha na gwaride tunalolijua sisi. Lubumbashi, kama miji mingine ya nchi hii, polisi wakikamata kundi la washukiwa huwapanga chini kwenye jua, silaha na mapanga mbele yao, wanawaonyesha kwa meya au gavana, na kamera za televisheni zinapita usoni mwa kila mmoja. Jioni picha zinazunguka kwenye simu. Mama wa Hewa Bora anaziona. Akiitwa kesho kutambua, anatambua nini, sura ya usiku ule au sura ya televisheni? Yeye mwenyewe hawezi kujua. Naelewa kwa nini viongozi wanapenda maonyesho hayo: mtaa umechoka na unataka kuona kazi. Lakini kila uso unaoonyeshwa hivyo ni ushahidi unaoharibiwa mchana kweupe, na ukiharibika unawaharibikia wote, aliyeibiwa na aliyesingiziwa.

Baada ya magwaride ikaja hoja ya shahidi mmoja. Kesi ya Abdalla bin Wendo ya mwaka 1953 ilikubali kwamba jambo linaweza kuthibitishwa na mtu mmoja, kisha ikaongeza sharti: pale utambuzi ulipofanyika katika mazingira magumu, ushahidi huo upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, na utafutwe ushahidi mwingine wa kuutegemeza. Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, mahakama hiyohiyo ilikiri kwamba hukumu inayosimama juu ya utambuzi peke yake daima huwaacha majaji na wasiwasi. Na mwaka 1980, baada ya Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki kuvunjika na Tanzania kuwa na Mahakama yake ya Rufani, ikatoka kesi ya Waziri Amani. Tangu hapo sidhani kama kuna wakili Mtanzania wa jinai asiyeijua.

Waziri Amani inasema ushahidi wa kuona kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, na mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Kisha inatoa orodha. Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, mwanga ulikuwaje? Je, alikuwa anamjua au amewahi kumwona kabla? Orodha hiyo haina miujiza. Mtoto wa shule anaweza kuitunga. Nguvu yake ni kwamba inamlazimisha hakimu wa chini aandike majibu, na inampa jaji wa rufani kitu cha kushika. Miaka yote tangu hapo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa ikitengua hukumu za wizi na mauaji kwa maneno yanayokaribiana: shahidi alisema kulikuwa na taa, hakusema ni taa gani wala ilimulika nini. Kusema "kulikuwa na mwanga wa mbalamwezi" hakutoshi. Mbalamwezi ya namna gani, na kivuli cha mwembe kilianguka wapi?

Majaji hao wa Tanzania waliongeza jambo lingine ambalo naliona lina akili kuliko yote. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, iliyochapishwa mwaka 2002, mahakama ilisema kwamba shahidi kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni dhamana kubwa ya ukweli wake. Akichelewa bila maelezo, mahakama yenye busara ianze kuuliza maswali. Majirani walipofika na masufuria yao, mama alisema nini? Alisema "ni mtoto wa fulani", au alisema "watu, sikuwaona vizuri"? Maneno hayo ya dakika ya kwanza yana thamani kuliko kiapo cha miezi tisa baadaye. Lakini kwetu nani huyaandika?

Pengine msomaji atasema: mtu unayemjua huwezi kumkosea. Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika kesi ya Anjononi ya mwaka 1980, ilikubali kwamba kumtambua unayemjua kunaaminika kuliko kumtambua mgeni. Ni kweli. Ila nani hajawahi kumwita mtu barabarani kwa jina la ndugu yake, akageuka uso usio wenyewe? Ilikuwa mchana, hakuna aliyekushikia bunduki.

Wanasaikolojia wamelifanyia hili kazi kwa miongo mingi. Elizabeth Loftus wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyeelekezewa silaha huitazama silaha na kuukosa uso. Gary Wells alionyesha kwamba shahidi akiambiwa "umepatia" baada ya kuchagua, uhakika wake unapanda, na hata kumbukumbu yake ya jinsi alivyoona vizuri inabadilika. Ndiyo maana mama yetu ana hakika zaidi mahakamani kuliko alivyokuwa polisi. Kati ya Wamarekani waliofutiwa hatia kwa kipimo cha DNA, katika takribani theluthi mbili ya kesi zao kulikuwa na shahidi aliyewatambua kimakosa.

Sasa nirudi kwenye kazi ya mahakama ya rufaa, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kuna msemo wa kisheria unaopendwa na mahakama za pande zote: hakimu wa kwanza ndiye aliyemwona shahidi akizungumza, kwa hiyo wa rufaa asiingilie kirahisi. Kesi za Pandya ya 1957 na Okeno ya 1972 ziliweka mizani: mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Katika kesi za mkataba au ugomvi wa ndoa, kumwona shahidi kuna faida. Katika kesi ya utambuzi naona faida hiyo ni ndogo sana, na wakati mwingine ni hasara. Sauti isiyotetemeka na macho makavu humshawishi hakimu wa chini, wakati hayahusiani na kama taa ilikuwepo. Jaji anayesoma karatasi tu hashawishiki na machozi. Anahesabu mita na dakika.

Hilo lilionekana mbali na huku pia. Mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani ilimsikiliza msichana aliyeona familia yake ikishambuliwa katika kijiji cha Ahmići, Bosnia, alfajiri ya 16 Aprili 1993, na washambuliaji wakiwa wamejipaka na kujifunika nyuso. Alikuwa na miaka kama 13. Majaji wa kwanza walimwona, wakamwamini, wakawatia hatiani ndugu wawili, Zoran na Mirjan Kupreškić, mwaka 2000. Tarehe 23 Oktoba 2001 majaji wa rufaa walifuta hukumu hizo. Walisema wazi kwamba shahidi mwenye hakika na anayeshawishi anaweza kukosea, na kwamba mahakama ya kwanza haikutoa maelezo ya kutosha jinsi ilivyozimaliza shaka zilizokuwa wazi. Baraza hilohilo la rufaa ndilo lililokuwa likisikiliza rufaa za kesi za Rwanda zilizoendeshwa Arusha. Ndani yake walikuwemo majaji wa mila ya Kiingereza na wa mila ya Kifaransa, kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba tahadhari hii ni ya Waingereza peke yao.

Na Tanzania yenye orodha yake nzuri nayo huteleza. Mwaka 1998 mahakama ya wilaya ya Moshi ilimhukumu Mohamed Abubakari miaka 30 kwa ujambazi wa kutumia silaha uliotokea Himo. Alisema hakuwepo pale. Alikata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa. Akaenda Mahakama ya Rufani, akashindwa. Tarehe 3 Juni 2016 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliona kwamba alitiwa hatiani kwa maneno ya mtu mmoja yaliyojaa kupingana, bila gwaride la utambulisho, na kwamba utetezi wake wa kutokuwepo haukuchunguzwa inavyostahili. Ngazi tatu za mahakama zilikuwa zimepita juu ya kasoro hizo. Miaka 18 ilikuwa imeshapita juu yake. Mahakama hiyo haikuamuru aachiwe. Iliitaka serikali irekebishe, bila kuanza kesi upya. Nilipousoma uamuzi huo nilijiuliza: kama nchi yenye Waziri Amani inafika huku, sisi tusio na orodha yoyote tuko wapi?

Kwa sheria yetu, rufaa ya Lubumbashi inaweza kuwa na nguvu kuliko ile ya majirani. Hukumu ya jinai ya Tribunal de Grande Instance ikikatiwa rufaa, Mahakama ya Rufaa ya Haut-Katanga huichukua kesi upya, mambo yaliyotokea na sheria pia, na inaweza kuwaita mashahidi wasikilizwe tena. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Kasasheni Kinshasa, ambayo haigusi mambo yaliyotokea ila inaweza kuifuta hukumu isiyotoa sababu. Vyombo vipo. Lakini mara nyingi kinachofika mezani kwa majaji wa rufaa ni PV ya polisi na karatasi za grefye, karani wa kikao. Shahidi alisema kwa Kiswahili, kwa kirefu, akionyesha kwa mikono umbali wa mlango na kitanda. Karatasi imeandikwa kwa Kifaransa, mistari mitatu: shahidi amethibitisha kumtambua mshitakiwa. Mikono haikuandikwa. Umbali haukuandikwa. Jaji wa rufaa, hata awe mwangalifu vipi, atapima nini?

Wako wengine wasiopata hata mistari hiyo mitatu. Kanuni ya sheria ya kijeshi ya mwaka 2002 inasema maamuzi ya mahakama za kijeshi za operesheni hayakatiwi rufaa yoyote. Katiba, kifungu cha 61, inasema haki ya kujitetea na haki ya rufaa hazivunjwi hata katika hali ya vita au dharura. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja, na sioni haya kusema ni lipi linalopaswa kuondoka.

Nasikia jibu la mtaani kabla sijamaliza. Mkibana ushahidi hivyo, majambazi wote watatoka, na watu wataanza kuchoma mtu moto wenyewe. Ni hofu ya kweli, siidharau. Aliyelala kifudifudi na watoto wake hataki somo la sheria. Lakini fikirini kisa cha Burlington, North Carolina. Mwaka 1984 Jennifer Thompson alibakwa chumbani kwake, na alijitahidi kuukariri uso wa mshambuliaji. Alimtambua Ronald Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride, kisha mahakamani. Hukumu ya kwanza ilitenguliwa kwenye rufaa, na kesi iliposikilizwa tena mwaka 1987 aliletewa mbele yake mfungwa mwingine, Bobby Poole. Akasema huyo hajawahi kumwona maishani. Cotton akarudi jela, mpaka mwaka 1995 DNA ilipoonyesha kwamba mbakaji alikuwa Poole, ambaye baada ya kosa lile aliendelea kuwashambulia wanawake wengine. Wakati mtaa unashangilia kwamba mwizi ameingia Kasapa, gereza lililojengwa kwa watu wapatao 800 na lenye watu mara kadhaa ya idadi hiyo, mwizi mwenyewe anaweza kuwa anaangalia kutoka ng'ambo ya barabara.

Hakuna haja ya kusubiri Bunge litunge sheria. OPJ anaweza kesho asubuhi kumwuliza mlalamikaji sura, kimo, nguo na sauti kabla hajaonyeshwa mtu yeyote, akaandika saa aliyoulizwa. Parke inaweza kukataa utambuzi wa mtu mmoja aliyeketishwa chini peke yake. Polisi wanaweza kufunika nyuso kabla ya kamera, kama hawawezi kuacha kamera. Avoka anaweza kumsimamisha grefye na kuomba iandikwe kwamba shahidi ameonyesha hatua nne. Na majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Haut-Katanga wanaweza, bila ruhusa ya mtu, kuanza kuzifuta hukumu zisizosema lolote juu ya mwanga, umbali na muda, kwa hoja moja tu ya kifungu cha 21: hukumu hii haikutoa sababu. Wakifanya hivyo mara chache, wa chini wataanza kuandika. Ndivyo ilivyokuwa kwa majirani zetu. Orodha ya Waziri Amani iliandikwa na majaji, haikutoka bungeni.

Kwa familia za mitaa ya Lubumbashi, Hewa Bora, Kenya na Katuba, ambazo kijana wao amehukumiwa akiwepo mahakamani, muda wa kukata rufaa ni siku 10 kuanzia siku hukumu iliposomwa. Tangazo la rufaa hutolewa kwenye grefi, ofisi ya karani wa mahakama iliyohukumu. Msisubiri hukumu ichapwe, wala msisubiri pesa za avoka zitimie. Nendeni kwanza mkaandikishe, mwombe karatasi ya kuonyesha mmeandikisha, halafu mtafute wa kuuliza taa ilikuwa wapi.